Zouk Ilivyofika Kilosa na Mikumi

Mtajie zouk mtu wa makamo pale Kilosa mjini, au kwenye vibanda vya chakula vya Mikumi ambako mabasi ya nyanda za juu kusini husimama, naye ataivumisha kidogo mdomoni, maneno akiyabahatisha, kisha atakwambia hajui aliyeimba ni nani. Atakumbuka ilikuwa sauti ya mwanamke. Atakumbuka basi, harusi, au chumba cha kupanga alichoishi enzi hizo. Jina hana.

Majina hayo yapo, na wenye majina hayo wametenda jambo kubwa katika masikio yetu. Waliizoesha nchi nzima sauti ya mwanamke anayeimba mapenzi kwa upole, bila kumjibu mtu, bila kumsuta mtu, akiwa mbele ya ala zote. Waimbaji wa kike wa Tanzania walipokuja kuimba hivyo hivyo kwa Kiswahili, walikuta watu wameshajua kusikiliza. Kuelewa hayo yalivyotokea katika bonde la Mkondoa na kwenye barabara ya Mikumi, inabidi turudi nyuma sana, kabla hata neno zouk halijaandikwa kwenye sahani yoyote ya santuri.

Njia ya misafara, reli na makambi ya mkonge

Usagara, nchi ya bonde hilo la Mkondoa, ilikuwa nchi ya kupita. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi ilikatiza huko, ikifuata maji na vyakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mfaransa mmoja, Kapteni Bloyet, alikuwa na kituo mahali palipoitwa Kondoa, kando ya mto Mkondoa, karibu na ilipo Kilosa ya leo. Kilikuwa kituo cha tawi la Ufaransa la Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na hakikudumu. Novemba 1884 Carl Peters alifika Usagara na makaratasi yake. Kila mtoto wa Tanzania aliyekaa darasani anamjua Mangungo wa Msovero aliyewekwa kwenye mkataba ule. Msowero ni ya wilaya ya Kilosa mpaka leo. Nchi ikawa ya Wajerumani.

Wajerumani wakaleta reli na mashamba. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapanda bonde la Mkondoa kupitia Kilosa, ikaingia Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mkonge na pamba vilifuata reli. Kimamba, Rudewa na maeneo jirani yakawa mashamba makubwa, na mashamba hayo yalihitaji mikono mingi kuliko waliyokuwa nayo Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wenyeji. Wakaja Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Wahehe, Waha, na Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Makambi yao yalikuwa mistari ya nyumba fupi, kila mstari na lugha yake, lakini siku ya mshahara ngoma zilichanganyika.

Upande wa pili wa dunia, visiwa vya Guadeloupe na Martinique vilikuwa na historia ya mashamba iliyotangulia hii na iliyokuwa katili zaidi. Ufaransa iliwapeleka huko watumwa kutoka Afrika, wengi wao wa pwani ya magharibi na ya kati, walime miwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1848, miwa ikabaki. Ndani ya mashamba hayo ilizaliwa ngoma ya gwo ka ya Guadeloupe, na mjini ikakua biguine ya Martinique, ala za Ulaya zikipigwa kwa mikono iliyokumbuka ngoma. Sisemi kwamba Kilosa na Guadeloupe ni ndugu wa damu. Nasema muziki wa visiwa vile ulitengenezwa na watu wa makambi ya mashamba, na huku Kilosa nako kulikuwa na makambi, kulikuwa na watu walio wageni wao kwa wao, na kulikuwa na haja ya burudani isiyodai kwanza ujue lugha ya jirani yako.

Kijana aliyetaka kwenda Cuba

Karibea iliingia mkoa wa Morogoro kwa santuri. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za mfululizo wa GV, zilizobeba muziki wa Cuba, ziliuzwa Afrika na kufika mpaka miji yetu ya reli. Gramafoni moja kwenye duka la Mhindi au baraza la Mwarabu ilitosha kufundisha mtaa mzima. Kihispania hakikueleweka, lakini hilo halikumzuia mtu kuimba.

Aliyeyashika mafunzo hayo kuliko wote ni Salum Abdallah, mtoto wa Morogoro mjini, aliyezaliwa mwaka 1928. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alitoroka nyumbani ili asafiri mpaka Cuba akajifunze muziki kwenye chimbuko lake, akaishia Mombasa, akarejeshwa. Cuba ikamfuata yeye. Mwaka 1948 alianzisha bendi akaiita La Paloma, kwa jina la wimbo mashuhuri wa karne ya 19 wenye mahadhi ya habanera ya Cuba. Baadaye bendi hiyo ikajulikana kama Cuban Marimba, na nyimbo zake zikatolewa na Mzuri Records ya Mombasa zikaenea Afrika Mashariki.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana historia nzima imening'inia kwenye jambo dogo la vidole. Hesabu moja mpaka nane kwa haraka, kwa mwendo ulio sawa. Gonga meza kwenye moja, kwenye nne na kwenye saba. Rudia. Huo ni mgawanyo wa tatu, tatu, mbili, nao umo ndani ya habanera, umo kwenye besi ya nyimbo nyingi za Cuba, na ulikuwa kwenye masikio ya wacheza dansi wa Morogoro tangu siku za La Paloma. Miaka 40 baadaye mgawanyo huo huo, ukipigwa na mashine, ndio uliokuja kuitwa zouk. Mkoa huu ulimpokea mgeni ambaye babu yake ulikwishamkaribisha.

Dansi hilo lilikuwa la wanaume jukwaani. Salum Abdallah alitunga Wanawake wa Tanzania, na kabla na baada yake nyimbo za kumsifu, kumbembeleza na kumlaumu mwanamke zilikuwa nyingi mno, lakini mwenyewe alikuwa sakafuni akicheza. Taarabu ilikuwa mbele sana katika hili: Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi Bombay mwaka 1928, mwaka aliozaliwa Salum. Dansi la bara lilichelewa. Katikati ya miaka ya 1960 iliundwa Dar es Salaam bendi ya Women Jazz, wanawake wakipiga ala wenyewe, na bado njia waliyoifungua haikupanuka kama ilivyostahili.

Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Juma Kilaza akaendeleza Cuban Marimba, na mji ukagawanyika kati yao na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliyokwenda Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 ya Osaka. Mbaraka naye akahamia kwenye Super Volcano yake mwaka 1973, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa. Mkoa uliokuwa makao makuu ya dansi ukabaki na pengo.

Barabara, mbuga na redio moja

Mikumi ilikua kwa sababu nyingine. Mwaka 1964 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia ilipowekwa lami, ilipita katikati ya hifadhi hiyo kwa kilometa 50 hivi, na mji mdogo ukajikusanya pale inapoishia mbuga upande wa Iringa, penye njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara. Tawi la reli nalo lilishuka kutoka Kilosa kupitia kijiji kiitwacho Ulaya na Mikumi mpaka Kidatu, kwenye miwa. Huko Kilombero kiwanda cha sukari kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1975 bwawa la Kidatu likaanza kufua umeme. Malori ya Zambia na Kongo yalilala Mikumi. Dereva analala, tingo anatafuta chakula, redio ya gari inaimba.

Kilosa mambo yalikwenda kinyume. Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 230,000 za mkonge mwaka 1964, kisha bei ikaanguka kamba za nailoni zilipoingia sokoni, mashamba yakataifishwa, na makambi yakapungua watu. Kwa hiyo mji wa reli ulisinyaa wakati mji wa barabara ukivimba. Muziki mpya ulifuata barabara.

Kwa muda mrefu muziki huo mpya ulibanwa. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni, na Radio Tanzania, ambayo ndiyo iliyokuwa redio pekee ya bara, ilitanguliza bendi za nyumbani. Najua wapo wanaoukumbuka utaratibu huo kwa uchungu. Mimi nauheshimu kwa kiasi chake: bila huo, studio ya Radio Tanzania isingetuachia hazina ya nyimbo iliyo nayo. Rumba na chacha hazikuguswa kama soul ilivyoguswa, kwani tayari zilishahesabiwa kuwa zetu, tena Wakongo walikuwa wakizileta kwa mlango wa Kigoma na kwa bendi zilizohamia kabisa, kama Orchestra Maquis iliyofika nchini miaka ya 1970.

Ni Wakongo hao waliotuonyesha kwanza mwanamke akibeba wimbo mzima wa dansi. M'bilia Bel aliingia bendi ya Afrisa ya Tabu Ley mwanzoni mwa miaka ya 1980, na alipoimba Nakei Nairobi Afrika Mashariki nzima ilimjua. Tshala Muana aliimba Karibu Yangu kwa Kiswahili. Nyumbani, Kida Waziri alisimama na Hemedi Maneti katika Vijana Jazz, sauti yake ikijibizana na ya mwanamume kama mume na mke sebuleni. Bado walikuwa wachache wa kuhesabu kwa vidole.

Paris, 1979

Mwaka 1979, mwaka ule ule aliokufa Mbaraka, wanamuziki wa Guadeloupe waliokuwa Paris waliamua kutengeneza muziki wa visiwa vyao wenye ubora wa studio za kimataifa. Waanzilishi walikuwa Pierre-Edouard Décimus na Freddy Marshall, wakamtafuta mpiga gitaa Jacob Desvarieux, na bendi ikaitwa Kassav'. Walichukua ngoma za gwo ka, kompa na kadansi za Haiti na Dominica, biguine ya kwao, wakaongeza tarumbeta, kinanda cha umeme na mashine ya ngoma. Walikataa kuimba Kifaransa ili wapendwe Paris. Waliimba Krioli ya kwao. Mwaka 1984 wimbo Zouk-la sé sèl médikaman nou ni ulivuma Karibea, Ufaransa na Afrika ya magharibi na ya kati.

Jocelyne Béroard, mzaliwa wa Fort-de-France, Martinique, mwaka 1954, alianza nao kama mwitikiaji kisha akawa mwimbaji kamili wa bendi. Mwaka 1986 alitoa albamu yake Siwo, na mauzo yake yakampa diski ya dhahabu, ya kwanza kwa mwanamke wa visiwa hivyo. Sikiliza namna anavyoimba. Hapandishi sauti kushindana na tarumbeta. Anakaa katikati ya sauti yake, karibu na maikrofoni, kama mtu anayezungumza na mwenzake aliye upande wa pili wa meza. Bendi inampisha. Katika kundi la wanaume wakali wa ala, hilo halikutokea lenyewe: aliandika mashairi, alipanga sauti za kuitikia, na alidai nafasi yake.

Baada yake wakaja wengine, kila mmoja na tabia yake. Édith Lefel, aliyezaliwa Cayenne na kukulia Martinique, alitoa La Klé mwaka 1988 na Mèci mwaka 1992. Sauti yake ilikuwa nyepesi yenye majonzi ndani, na wengi walimwona ndiye malkia wa zouk ya mahaba. Tanya Saint-Val wa Guadeloupe alikuwa na moto zaidi. Zouk Machine lilikuwa kundi la wanawake watatu, na wimbo wao Maldòn, unaohusu mwanamke aliyechoshwa na kazi za nyumbani zisizoisha, ulikaa namba moja Ufaransa kwa wiki 9 mwaka 1990. Joëlle Ursull, aliyewahi kuwa wa kundi hilo, mwaka huo huo aliiwakilisha Ufaransa kwenye shindano la Eurovision akawa wa pili.

Wakati huo pigo lilikuwa limepunguzwa mwendo. Zouk ya kwanza ya Kassav' ilikuwa ya kurukaruka, ya karnivali. Hii mpya, iliyoitwa zouk love, ilikwenda taratibu, kinanda kikitandaza sauti ndefu, gitaa likidondosha noti moja moja, na ile moja, nne, saba ikigongwa kwa mlio mkavu wa ukingo wa ngoma. Ilikuwa ya watu wawili kusimama karibu wakayumba.

Afrika iliipokea kama mali yake. Gabon ikamtoa Oliver N'Goma, ambaye albamu yake Bane, iliyotengenezwa Paris na Manu Lima wa Cape Verde, ilifika hadi kwetu na nyimbo zake hazijazeeka. Ivory Coast ikamtoa Monique Séka, akaimba aliyoyaita afro-zouk kwa lugha ya kwao na kwa Kifaransa. Kwa msikilizaji wa Mikumi hawa wote walikuwa familia moja; Guadeloupe na Gabon hazikutenganishwa.

Kaseti zisizo na jina

Katikati ya miaka ya 1980 nchi ilifungua milango ya biashara. Baada ya miaka ya foleni na uhaba, maduka yalijaa vitu, na kati ya vitu hivyo mwenye fedha ndogo alitamani kwanza redio kaseti. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa kilichoingiza zouk wilayani Kilosa, kabla ya stesheni yoyote ya FM. Redio inampa msikilizaji wimbo mara moja kisha inamnyang'anya. Kaseti humpa usiku mzima.

Kazi ilifanyika kwenye vibanda vya kurekodi. Mteja alileta kaseti tupu ya dakika 60 au 90, akasema anataka za mapenzi, za taratibu, na mwenye kibanda akamchanganyia kutoka kwenye kaseti kuu aliyoipata Dar es Salaam, ambayo nayo ilitoka kwenye nyingine. Kila nakala ilipoteza kidogo: kwanza mlio wa matoazi, halafu ncha za besi. Sauti ya mwimbaji ndiyo iliyobaki. Juu ya karatasi ya kaseti iliandikwa kwa kalamu ya wino ZOUK MCHANGANYIKO, au ZOUK namba fulani, basi. Utepe ukinasa, ilichomekwa kalamu ya Bic kwenye jicho la kaseti ikazungushwa mpaka utepe ukakaza. Hivyo ndivyo Édith Lefel alivyosafiri kwenda Kidodi na Ruaha akiwa hana jina. Haki za wasanii nazo hazikuwa na mtetezi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999.

Mabasi yalikuwa wasambazaji wakubwa. Basi la Mbeya au Songea liliondoka Dar alfajiri, likaingia mbugani jua limekwisha kupanda, na kwa kuwa magari hutakiwa kupunguza mwendo humo kwa ajili ya wanyama, ilikuwa saa nzima ya twiga, pundamilia na kaseti ya dereva. Madereva walipenda zouk kwa sababu haichoshi wala haipandishi hasira za abiria. Likisimama Mikumi, mlango ukafunguliwa, muziki ulimwagika nje pamoja na watu. Wauza mayai na machungwa waliusikia mara kadhaa kwa siku, kila siku. Kilosa yenyewe, iliyo nje ya barabara hiyo, iliupata kwa mabasi ya Morogoro, kwa wafanyakazi wa reli, na kwa wanafunzi waliorudi likizo.

Kwa nini ulishika hivyo? Fikiria sauti za kike zilizokuwa sokoni katika miaka ya 1990. Taarabu ya kisasa ilikuwa imewaka. Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992, na mahasimu wake wa kundi la Muungano walirushiana mipasho, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakiwa majemadari, na hakuna aliyewafikia kwa ufundi wa kukata maneno. Kwaya za dini zilikuwa na wanawake wengi, wakiimba kwa umoja. Mwanamke wa mipasho alikuwa na adui. Mwanamke wa kwaya alikuwa na Mungu wake. Mwanamke mmoja anayekiri tu kwamba anapenda, anaogopa kuachwa, anangoja mlango ugongwe, alikuwa hasikiki sana kwa Kiswahili kilichorekodiwa.

Zouk ikaingia kwenye nafasi hiyo. Krioli haikueleweka, na kutoeleweka kwake kulisaidia: mama mkwe angeweza kukaa sebuleni humo humo na kaseti ikalia bila mtu kuona haya. Kila msikilizaji aliweka habari zake mwenyewe. Harusini ilipigwa maharusi wakiingia ukumbini. Wapo waliotumiana kaseti kama barua, bila kuandika neno. Katika wilaya ambayo binti aliyesema wazi kwamba anampenda mtu alionekana hana adabu, sauti ya Martinique ilisema kwa niaba yake.

Mwaka 1994 hewa ilifunguliwa. Radio One na ITV zilianza Dar es Salaam, nyingine zikafuata, na Morogoro nayo ikapata kituo cha Abood. Huko ndiko alikomalizia kazi Julius Nyaisanga, sauti iliyozoeleka tangu Radio Tanzania na kisha Radio One, aliyefariki Morogoro Oktoba 2013. Watangazaji wa vipindi vya usiku walianza kutaja majina, Kassav', Zouk Machine, Monique Séka, na mtu aliyekuwa na kaseti miaka minane akasikia kwa mara ya kwanza aliyekuwa akimliwaza ni nani.

Kiswahili juu ya pigo

Vijana waliozaliwa katika sauti hizo walifika studio mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bongo Fleva ilianza na kufoka kwa mfano wa Marekani, wanaume wengi, hoja nyingi. Kilichoibadilisha ikawa muziki wa kila rika, naamini, ni wakati watayarishaji walipoacha kuiga pigo la New York wakaweka kwenye kompyuta ile moja, nne, saba. Ilikuwa rahisi kuijenga, ilikuwa nafuu kwa studio isiyo na wapiga ala, na ilikuwa tayari masikioni mwa mnunuzi wa Kilosa kama wa Kariakoo. Mpaka leo msanii akiingia studio akasema anataka zouk, mtayarishaji haulizi zaidi.

Wanawake ndio walionufaika kwanza. Lady Jaydee alitoka na Machozi, akamweka mwanamke anayelia kwa heshima katikati ya soko la wafokaji. Rehema Chalamila, Ray C, binti wa Iringa aliyewahi kuwa mtangazaji wa redio, alitoa Mapenzi Yangu mwaka 2003 na Na Wewe Milele mwaka 2004. Msikilize Ray C baada ya kumsikiliza Édith Lefel. Pumzi inasikika, sauti haisukumwi, mwisho wa mstari unaachwa uning'inie, kinanda kinatandaza nyuma. Tofauti ni kwamba sasa kila neno lilieleweka, na mama mkwe sebuleni alielewa pia. Palikuwa na minong'ono juu ya kiuno chake na mavazi yake. Nyimbo zilibaki, na mabasi ya Iringa yalizipiga yakipita mbuga ile ile.

Januari 2003 Édith Lefel alifariki Ufaransa akiwa na miaka 39, miezi ambayo Bongo Fleva ya kike ilikuwa inachanua. Sijui kama habari ya kifo chake ilisomwa kwenye redio yoyote ya huku wakati huo. Najua kaseti zake ziliendelea kuzunguka. Oliver N'Goma alifuata mwaka 2010, na Patrick Saint-Éloi, sauti laini ya kiume ya Kassav', mwaka huo huo. Jacob Desvarieux alikufa Guadeloupe Julai 2021 kwa ugonjwa wa korona.

Mikumi yenyewe ilipata sura ya ajabu katika habari hii. Mwaka 2015 wapiga kura wa jimbo la Mikumi, wilayani Kilosa, walimchagua Joseph Haule, Profesa Jay, mmoja wa waasisi wa Bongo Fleva, kuwa mbunge wao, akakaa bungeni mpaka 2020. Yeye si mtu wa zouk, ni mfokaji, lakini mji uliopokea muziki wa kisasa kupitia madirisha ya mabasi ulimpeleka Dodoma mtu wa muziki huo.

Simu na treni mpya

Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliing'oa reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na mto Mkondoa ukavamia makazi. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kupita Kilosa kwenye reli ya kisasa, kwa mahandaki, zikielekea Dodoma. Abiria wamevaa spika za masikioni. Hakuna tena kaseti ya dereva inayomlazimisha kila mmoja asikie alichosikia jirani, na kijana akitaka kumjua mwimbaji jina linatokea kwenye kioo cha simu papo hapo.

Wanawake wanaotawala simu hizo ni Nandy, Maua Sama, Zuchu. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, na ndani yake mipasho ya mama na upole wa zouk vinakaa nyumba moja; Nandy akiimba taratibu, ukingo wa ngoma unagonga pale pale ulipogonga mwaka 1986.

Anayetaka kuisikia safari yote kwa jioni moja aanze na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Aende Siwo ya Jocelyne Béroard, ya 1986, kisha La Klé ya Édith Lefel, kisha Bane ya Oliver N'Goma. Amalizie na Mapenzi Yangu ya Ray C. Mkono uwe mezani, ukigonga moja, nne, saba, kwa kila wimbo unaoukubali, na awataje wenye nyimbo kwa majina kwa yeyote atakayepita na kuuliza ni nani huyo anayeimba.